MAMA NA NYIMBO, Sehemu ya 4: Wimbo wa harusi na ugomvi wa nani kautunga

Leo nesi wenu naweka chanjo na lishe pembeni, turudi kwenye nyimbo.

Kuna wimbo wa Kiyahudi unaitwa Hava Nagila, yaani "njooni tufurahi". Hata kama jina hulijui, ukipigwa kwenye kinanda utasema kumbe ndio huu! Wayahudi wanauchezea harusini wakiwa wameshikana mikono kwenye duara, na maharusi wananyanyuliwa juu wakiwa wamekaa kwenye viti.

Mwanzoni haukuwa na maneno. Ilikuwa sauti tu, wakiimba wacha Mungu wa Kiyahudi wa Sadigura, mji ambao leo uko Ukraine. Mtafiti wa muziki, Abraham Zvi Idelsohn, aliiandika akiwa Jerusalem mwaka 1915. Mwaka 1918 alihitaji wimbo wa tamasha, ndipo sauti ile ikawekewa maneno ya Kiebrania. Mwaka 1922 ukachapishwa kitabuni.

Sasa maneno ni ya nani? Idelsohn alisema ni yake. Mwanafunzi wake, Moshe Nathanson, naye alisema aliyatunga yeye akiwa bado mtoto wa shule. Na wale wa Sadigura wenye sauti yenyewe? Hakuna hata jina moja lililobaki. Idelsohn alikuja kufia huku huku Afrika, Johannesburg, mwaka 1938.

Baadaye Harry Belafonte, Mmarekani mweusi mwenye asili ya Jamaika, akauimba New York mwaka 1959, na watu ambao si Wayahudi wakaupenda mno. Na huyo huyo Belafonte, mwaka 1965, akatoa albamu na Miriam Makeba, na ndani yake kuna wimbo tunaoujua sote: Malaika.

Na Malaika nao una ugomvi ule ule jamani! Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukavuma miaka ya mwanzo ya 1960. Mtanzania Adam Salim akasema aliutunga yeye, tena tangu 1945. Wasanii wakubwa wa nje wameuimba, lakini mpaka leo watu wanabishana ni wa nani. Na hapa si sifa tu inayobishaniwa. Mwenye wimbo ndiye anayestahili haki yake, na watoto wake baada yake.

Mnaona nilikotaka kufika? Wimbo ukipendwa sana unasafiri, mwenyewe anabaki nyuma. Na kama haya yamezipata nyimbo zilizoandikwa na kurekodiwa, vipi zile za bibi zetu? Zile za kumtoa mwali, za kumsindikiza bibi harusi, za kumbembeleza mtoto? Mtoto anaijua sauti ya mama yake tangu yuko tumboni, kabla hajajua neno hata moja. Wengi wetu tumelala kwa nyimbo hizo, na hatujawahi kuuliza nani kazitunga.

Simu tunazo. Ukienda kumsalimia bibi, muombe akuimbie, umrekodi. Kisha muulize: alifundishwa na nani, kijiji gani, uliimbwa lini. Taja jina lake mwanzoni mwa rekodi, halafu tuma nakala kwa ndugu wawili watatu, maana simu huibiwa.

Haya, nani bado ana bibi au nyanya mzima? Niambieni anatoka wapi na anaimba wimbo gani. Sehemu ya 5 tutaongelea nyimbo za kubembeleza watoto.