Neema Katika Uwanja wa Mkunazini

Neno neema si geni katika kisiwa cha Unguja. Mvua ikinyesha kwa wakati wake, na mikarafuu ikizaa vema, twasema kwamba Mungu ametuletea neema. Jioni hii twataka kuwasimulia jinsi neno hilo lilivyofika kwa watu waliokuwa wamekwisha kutiwa bei.

Katika mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Steere walifika Unguja. Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume, waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Mmoja wao ndiye John Swedi.

Watoto wale hawakuchagua kutekwa, wala hawakuchagua kupelekwa misioni. Basi mtu aweza kuuliza: Je, ubatizo wao ulikuwa imani, au ulikuwa utii tu wa yatima kwa mlezi wake? Swali hilo ni la haki, wala hatupendi kulipita.

Tena ni swali la kale. Augustino, mtu wa Afrika ya Kaskazini, aliyebatizwa Milan mwaka 387, alishindana na Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu aweza kuutenda wema kwa nguvu za hiari yake. Augustino alijibu kwamba neema hutangulia, nayo ndiyo iiamshayo hiari ya mtu. Kwa hiyo si ujira wa kazi, bali ni kipawa.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale Mkunazini. Mahali ambapo watu walikaguliwa meno na viungo kabla ya kununuliwa, pakahubiriwa kipawa kisicho na bei.

Na wale watoto je? Swedi alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre mwaka 1890, akafanya kazi kati ya Wayao huko Chitangali, mbali sana na walezi wake wa Unguja. Hapo alikuwa mtu mzima, mwenye hiari yake, na hakuna aliyemshika mkono.

Twaona basi kwamba mwanzo wa watu hao ulikuwa mikononi mwa wengine. Lakini waliyoyafanya ukubwani yalikuwa yao wenyewe. Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia.