Si Kila Paka wa Kibera Amekula Sumu

Huku Kibera paka akikonda akafa, hukumu hutoka dakika hiyo hiyo: alikula panya mwenye sumu. Kawangware ni vile vile. Lakini wasee, sumu kwa kawaida huua kwa siku chache. Paka aliyekonda miezi miwili ana stori nyingine, na stori hiyo ina historia.

Miaka ya 1960, huko Glasgow, Uskoti, daktari wa mifugo William Jarrett aliona paka kadhaa wa nyumba moja wakipata saratani. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kuwa wamepata kirusi: lukemia ya paka huambukizwa!

Sasa sikia hii. Kati ya 1963 na 1964 Jarrett alikuwa ameazimwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho kitivo chake cha mifugo kilikuwa hapo Kabete, si mbali na Kawangware. Mimi chuo niliacha, lakini hii ingenifanya nikae darasani.

Miaka ya 1970 kikaja kipimo cha damu, paka wagonjwa wakaanza kutengwa na wazima. Mwaka 1985 ikaja chanjo. Na UKIMWI ulipozuka, Max Essex, mtafiti wa kirusi hiki cha paka, alikuwa kati ya wa kwanza kushuku kirusi cha jamii hiyo hiyo.

Kwa hivyo msiniambie hii ni mambo ya watu wa Karen. Huku mtaani paka ni askari, analinda unga. Paka wa ploti wanakula sahani moja, wanalambana, wanapigana usiku. Kirusi hupita hapo hapo, kwenye mate, na mama humpa mtoto. Binadamu haambukizwi.

Dawa ya kukimaliza hakuna mpaka leo. Lakini paka akikonda, ufizi ukiwa mweupe, homa haiishi, apimwe damu. Huenda ni minyoo tu. Akipatikana na kirusi, arudie kipimo baadaye. Kikithibitishwa, akae ndani, awe na sahani yake, ale vizuri, na kila ugonjwa mdogo utibiwe mapema. Wengine huishi miaka kadhaa.

Ukisema tu ni sumu, unazika mmoja na kusahau wale aliokuwa akilambana nao. Hao ndio wa kupimwa kesho.