Nani Mwenye Ukuta?

Sisi tuliosoma miaka ya sabini tulikuwa na gazeti la ukutani, mlangoni mwa bwalo. Siku moja niliandika juu ya wadudu katika maharage. Kufika jioni karatasi haipo. Aliyeibandua nilimjua: kiranja wa chakula.

Vijana wetu ukuta wao ni mtandao, na wenyewe wako mbali. Tarehe 8 Januari 2021 Twitter, kama ilivyoitwa wakati huo, ilifunga akaunti ya Donald Trump, siku mbili baada ya wafuasi wake kuvamia Bunge. Alikuwa bado Rais. Katiba ya Marekani yaikataza serikali kuwaziba watu midomo, kampuni haiihusu. Kwa Trump sikusikitika, nakiri. Lakini tarehe 11 Facebook ilitangaza kuondoa akaunti zilizohusishwa na serikali ya Uganda, uchaguzi ukiwa tarehe 14. Serikali nayo ikaifunga Facebook nchi nzima. Mwananchi wa kawaida, aliyeutumia ukuta huo kuuza bidhaa au kusalimia jamaa, amwendee nani?

Mimi usiku ule nilimwendea kiranja kitandani kwake. Tulibishana hadi taa kuzimwa. Karatasi alikuwa nayo mfukoni.