Bagamoyo, bwaga moyo

Wadau, boom lilipotoka tukaenda Bagamoyo wikiendi kupumzika. Mimi mtu wa Hirbadaw, Hanang, minada ninayoijua ni ya ng'ombe. Huu wa samaki ulikuwa mpya kwangu. Pweza, changu, kelele za wachuuzi, halafu mchana kimya kabisa. Raha jamani!

Ila ukimya ule una historia. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapa kutoka Ujiji, zaidi ya kilometa 1,000 kwa mguu. Wajerumani wakapafanya makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Maji ya Bagamoyo hayana kina, meli kubwa zilitia nanga mbali. Biashara ikafuata bandari, wavuvi wakabaki na ngalawa zao.

Na jina je? Wengi tumezoea kusikia ni kilio cha watumwa. Watumwa walipita kweli. Lakini wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, na kwao kubwaga moyo ni kutua mzigo, safari imeisha. Nikianza kufundisha nitaeleza yote mawili, maana mwanafunzi akisikia kilio tu, yule Mnyamwezi aliyebeba pembe na kudai ujira wake hatamjua kabisa.