Wahaka na Tiba Yake katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Wahaka ni hofu isiyopoa: moyo hudunda, pumzi hukatika, usingizi huruka, na fikira hushughulika na shari ambayo haijatokea na pengine haitatokea. Hofu yenyewe humwokoa mtu. Huhesabiwa kuwa maradhi pale inapodumu kwa miezi, ikazidi kadiri ya jambo lililoizusha, na kumzuia mwenyewe asifanye kazi wala kutangamana na watu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Khurasan aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuipa nafsi maradhi yake mbali na ya mwili, akashauri mtu aweke akiba ya fikira njema wakati wa afya ili zimfae wakati wa dhiki.

Katika wilaya ya Nchelenge, Jimbo la Luapula, Zambia, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, wahaka hujificha nyuma ya malaria, ambayo huku imeenea mno. Mwenye kudundwa na moyo na kutokwa na jasho hupimwa damu kwanza, na ni haki apimwe, lakini kipimo kikitoka safi ni rahisi arudi kwake na tembe za maumivu pasipo kuulizwa analalaje. Sababu za fadhaa hazikosekani. Uvuvi hufungwa kila mwaka tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, na nyumba zinazoishi kwa samaki waitwao chisense na pale hubaki zikihesabu madeni. Tena tangu mwaka 2017 Wakongo wengi, wasemao Kiswahili miongoni mwao, walivuka mpaka wakikimbia vita vya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakapewa makazi Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018.

Tiba za nafsi zilizothibitika zaidi hutokana na mikondo miwili. Joseph Wolpe, tabibu wa Afrika Kusini, alieleza mwaka 1958 namna ya kuizoesha hofu kidogo kidogo. Aaron Beck wa Marekani, katika miaka ya 1960, akafundisha kuzihoji fikira zinazoichochea. Tuseme mvuvi amenusurika dhoruba usiku, na tangu hapo hawezi kusogelea maji: kila akikwepa hupata raha ya saa moja, na hofu hupata nguvu ya siku nyingi. Mshauri humketisha kwanza ufukoni mpaka moyo utulie wenyewe, kisha ndani ya mtumbwi uliofungwa kigingini, kisha apige kasia karibu na nchi kavu mchana, na mwisho atoke usiku na wenziwe na taa zao.

Mkimbizi asiyejua mwanawe yuko wapi, hata hivyo, hahofu njozi, na kumwambia ahoji fikira zake ni ujuba. Kwake unafaa zaidi utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2016, wa vikao 5 vinavyoendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa: kutuliza pumzi, kupambanua tatizo linalotatulika na lisilotatulika, kurejea shughuli hatua kwa hatua, na kutafuta auni ya jamaa na majirani. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopatwa na ukatili, nao walipata nafuu. Mwambao huu, ulio mbali na Chainama Hills, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Lusaka, hauna njia iliyo karibu zaidi na uwezo wake. Ila anayenena habari ya kujiua asingojewe kikao, apelekwe mara moja hospitali ya St Paul's, Kashikishi.