Mkia wa Ndege na Udongo wa Maniema

Ukitoka Kasongo kuelekea Kabambare, hutembei mbali kabla hujakutana na watu wanaosukuma kinga, yaani baiskeli. Hawaipandi, maana haina nafasi ya mtu. Kwenye fremu na nyuma ya tandiko wamefunga bidoni za mawese au magunia ya mchele, mzigo unaoweza kumzidi uzito mwenye baiskeli. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani, imejitokeza kando. Nyingine imesimamishwa nyuma ya tandiko. Mkono mmoja unaongoza, mwingine unasukuma. Kupanda mlima ni jasho tu. Hatari iko kwenye mteremko: uzito uliokaa nyuma unataka kutangulia, na gurudumu la nyuma likiteleza kidogo kwenye tope, kinga inajigeuza yenyewe, mbele kunakuwa nyuma, na mawese yanaishia mtaroni.

Aliyewahi kuishika fimbo ile ameshajua nusu ya elimu ya ndege yenye gurudumu la mkiani. Ndege hiyo ina magurudumu mawili makubwa mbele na moja dogo chini ya mkia, na sehemu kubwa ya uzito wake iko nyuma ya yale mawili. Ikiwa angani haina neno. Ikitua, mkia ukianza kwenda kando, uzito ule unauongezea mwendo badala ya kuurudisha, na rubani asipouwahi kwa miguu yake kwenye kanyagio, ndege inajizungusha kama kinga ya mteremkoni, bawa linapiga chini na safari imekwisha.

Historia ya ndege katika nchi yetu ya Kongo husimuliwa kwa kutazama juu: nani aliruka wa kwanza, alitoka wapi, alichukua siku ngapi. Mimi nataka kuisimulia kwa kutazama chini, mahali ndege inapogusa udongo. Kusini mwa Maniema, udongo ndio ulioamua mambo tangu kale. Mpelelezi David Livingstone alikwama Bambarre, Kabambare ya leo, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, kwa sababu miguu yake ilikuwa na vidonda visivyopona. Miaka michache baadaye mfanyabiashara Tippu Tip aliifanya Kasongo makao yake, na njia ya misafara ikashuka kutoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika Mtoa kwenye Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Ujiji. Kila kilichopita humo, pembe, nguo au baruti, kilipita kichwani au begani mwa mtu, na wengi wa watu hao hawakuwa huru.

Pale pale Mtoa, mwisho wa njia ya misafara, ndipo ndege zilipoanza. Mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa wakipigana na Wajerumani juu ya ziwa, na Waingereza wakawapa ndege 4 aina ya Short 827. Zilikuja na meli, vipandevipande ndani ya makasha, zikateremshwa kwenye mlango wa Mto Kongo na kupandishwa bara kwa reli na mashua. Njia ya wakati ule ilipita Kindu, halafu reli ya Kindu hadi Kongolo ambayo stesheni yake ya Samba iko upande wa magharibi wa Kasongo, kisha Kabalo, kisha ziwani. Kwa hiyo ndege za kwanza zilizopita nchi hii zilipita chini, zimefungwa misumari.

Short 827 haikuwa na gurudumu hata moja. Ilikaa juu ya maboya: mawili makubwa chini ya kiwiliwili, madogo kwenye ncha za mabawa, na moja chini ya mkia. Tayari hapo mkia ulikuwa na mahitaji yake. Ndege ikisimama majini, sehemu ya nyuma lazima ishikwe na kitu, la sivyo inazama. Mawimbi ya Tanganyika yalikuwa makali kwa maboya hayo, ndege zikahamishiwa maji yaliyotulia ya ziwa dogo la Tungwe. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka hadi Kigoma na kuidondoshea mabomu meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe; baadaye iliibuliwa, na ndiyo Liemba inayojulikana na kila mtu wa ziwani. Behaeghe alikufa kwa maradhi huko Niemba kabla mwaka haujaisha.

Vita vilipokwisha, Wabelgiji walishikamana na maji. Kuanzia mwaka 1920 walirusha ndege za majini kufuata Mto Kongo kutoka Kinshasa, njia iliyopewa jina la Mfalme Albert, ikafika Kisangani ya leo, ikafungwa mwaka 1922. Mtu akitazama ramani anaelewa kwa nini: mto ulikuwa uwanja uliokwisha kutengenezwa, hauhitaji jembe. Lakini mto hauji Kabambare. Ili ndege iwafikie watu wa nchi kavu, ilibidi ijifunze kukanyaga.

Mguu wake wa kwanza wa nyuma ulikuwa gongo. Ndege nyingi za zama hizo zilikuwa na kipande cha mti mgumu chini ya mkia, kimevishwa bati kwenye ncha na kufungwa kwa mpira. Rubani Mbelgiji Edmond Thieffry alipotoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 na kufika Kinshasa tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51, mkia wa ndege yake ya Handley Page yenye injini 3 ulikuwa ukiburuzwa kwa gongo la namna hiyo kila alipotua. Gongo halikuwa ujinga. Ndege hazikuwa na breki, na gongo likichimba kwenye nyasi lilizuia mwendo na kunyoosha mkia kwa pamoja, kama nanga ndogo. Kwenye majani laini ya Ulaya lilifaa sana. Kwenye udongo mwekundu wa kwetu uliokauka Julai, ugumu wake kama tofali, gongo haliumi chini. Linateleza na kulika. Kwenye udongo huo huo mvua ikishanyesha, linalima mtaro katikati ya uwanja, na maji yanaupanua. Thieffry mwenyewe alifariki tarehe 11 Aprili 1929 karibu na Ziwa Tanganyika, akitafuta namna ya kuunganisha miji ya ndani ya Kongo kwa ndege.

Breki zilipofungwa kwenye magurudumu makubwa, kazi ya nanga ikaisha, na gongo likalipisha gurudumu. Mabadiliko hayo yalienea miaka ya 1930, na kwa maoni yangu ni makubwa kuliko yanavyosifiwa, kwa sababu sasa mkia uliweza kuongozwa. Mfaransa Henri Mignet, aliyeunda ndege yake ndogo mwaka 1933 na kuwaandikia watu wa kawaida kitabu cha kuwafundisha kujitengenezea ya kwao, alifunga gurudumu la nyuma kwenye usukani wa mkia wenyewe: ukigeuza usukani, gurudumu linageuka. Ndege ile iliua baadhi ya walioiunda kwa kasoro ya mabawa yake. Gurudumu lake halikuwa na lawama, na wazo hilo la kuunganisha gurudumu na usukani ndilo linalotumika hadi leo kwenye ndege za kutengenezwa nyumbani, ila siku hizi springi mbili zimewekwa kati yao ili pigo la jiwe lisifike kwenye usukani.

Ndege iliyolifanya gurudumu la mkiani kuwa sehemu ya maisha ya Afrika ni DC-3. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa basi la anga, huku Kongo kwa shirika la Sabena na kule Nairobi na Dar es Salaam kwa East African Airways. Gurudumu lake la nyuma linazunguka pande zote, lakini lina kufuli. Rubani akifika mwanzo wa njia ya kurukia anasogea mita chache akiwa amenyooka kabisa, pini inaingia kwenye tundu lake, anavuta mkono wa kufunga, na kuanzia hapo mkia hauna ruhusa ya kutangatanga. Mkia wa ndege ile ulikaa chini sana hata abiria alipanda mlima ndani ya ndege kwenda kwenye kiti chake.

Halafu dunia ikahamia pua. Cessna 172 ilipotoka mwaka 1956, ikiwa na gurudumu dogo chini ya pua badala ya mkiani, wanafunzi wa urubani walipumua: uzito sasa uko mbele ya magurudumu makubwa, ndege inajinyoosha yenyewe. Imetengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote. Viwanja vya lami viliifaa. Lakini uwanja wa udongo una mashimo, na mguu wa pua ukiingia shimoni huvunjika, na pangaboi lililo karibu na ardhi hula kokoto. Ndege inayokaa juu ya mkia wake inainua pangaboi mbali na mawe, na pigo la shimo linaipata miguu minene ya mbele.

Ndiyo maana wanaofanya kazi porini hawakuacha mkia. Mjerumani Michael Grzimek alihesabu wanyama wa Serengeti akiwa na Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, ndege ya gurudumu la mkiani, hadi alipogongana na tai mzoga tarehe 10 Januari 1959 na kufa. Askari wa wanyamapori wa Kenya wanarusha ndege ndogo za Husky na Super Cub hadi leo. Mashariki ya Kongo, Antonov-2 yenye mabawa mawili juu na chini, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1947, imetua kwenye viwanja ambavyo dereva wa lori angeviogopa.

Sasa chukua mtu anayejitengenezea ndege ndogo ya viti viwili kwa ajili ya ardhi kama hii. Achague gurudumu gani? Wauzaji wana la mpira mtupu la inchi 6, jepesi, lisilopata pancha. Wana la upepo la inchi 8, zito zaidi. Wepesi unavutia kwa sababu ya mizani: kilo 1 iliyofungwa mkiani, mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito, inavuta sawa na kilo 8 zilizowekwa nusu mita nyuma yake. Hata hivyo kwa Kasongo ningechukua la upepo. Mpira mtupu ni mwembamba, unazama kwenye tope la Machi kama kisigino, na kila kokoto ya kiangazi unaipeleka moja kwa moja kwenye mifupa ya mkia, mpaka ribiti zinaanza kulegea. Na liwe la kuongozwa kwa kanyagio, lakini linaloweza kujifungua na kuzunguka kabisa, maana viwanja vyetu ni vyembamba na mwisho wake hakuna nafasi ya kugeukia.

Kuna kosa moja ambalo macho ya fundi wa baiskeli yangeliona upesi. Nguzo ambayo gurudumu linazungukia inatakiwa ilale kidogo, kichwa kuelekea nyuma, kama foki ya kinga inavyolala kumwelekea mpandaji. Chuma cha springi kinacholibeba gurudumu kikichoka na kunyooka, nguzo inalalia mbele, na ndege ikitua gurudumu linaanza kutetemeka kushoto na kulia kwa kasi ya kutisha, kiwiliwili chote kinalia kama bati kwenye upepo. Wengi hubadilisha tairi. Dawa yake ni kubadilisha springi, au kuikunja upya.

Na baada ya kutua kwenye mvua, kabla hata ya kushusha mzigo, mwenye ndege atafute bidoni ya maji na kitambaa. Tope jekundu limeshapenya kwenye bolti na bearingi za gurudumu la nyuma, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayolirusha huko. Likiwa bichi linaoshwa kwa dakika chache, kisha grisi mpya inasukumwa ndani mpaka ile chafu itoke. Likiachwa likauke usiku mmoja, asubuhi gurudumu halizunguki tena.