Penalti ya Sita ya Awer Mabil
Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, wazazi wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Mpira aliuanzia humo kambini, pekupeku. Mwaka 2006 familia ikahamia Australia. Watu husema Australia ndiyo iliyomtengeneza. Mimi nasema mguu ulishaijua kazi kabla ya kupanda ndege.

Oktoba 2018 akavaa jezi ya taifa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, na akafunga. Rafiki yake Thomas Deng, mzaliwa wa Nairobi, naye alianza usiku huohuo.

Halafu Juni 2022, Qatar: Australia na Peru, 0-0, atakayeshinda anaenda Kombe la Dunia. Penalti ya sita akapiga Mabil. Ikaingia! Kipa Redmayne akaokoa ya Peru. Baadaye Mabil alisema ilikuwa shukrani yake kwa Australia. Kakuma nako, yeye na kaka yake walishapeleka viatu vya mpira.